Kifaa cha Kufuatilia Magari Kinaikagua Ofisi Kabla ya Dereva

Tangu Oktoba 2023, mabasi ya mikoani Tanzania yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya katazo lililoanza miaka ya 1990, mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi unaosimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ule ambao wamiliki na madereva wote wanauita VTS, umekuwa jibu la kila swali la barabarani. Basi likikimbia, VTS itaona. Dereva akichoka, VTS itasema. Upande wa pili wa mpaka, Kenya, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, nayo inataka vidhibiti mwendo vya zamani vipishe vifaa vinavyotuma taarifa za mwendo moja kwa moja kwa mamlaka. Wenye malori, wenye magari ya kusambaza soda na saruji madukani, hata wenye pikipiki za kupeleka vifurushi, wameupokea ujumbe huo kwa namna yao: funga GPS, wizi utakoma. Wanauliza bei, wanafungiwa kifaa, wanapewa nywila ya kuingilia kwenye programu ya simu, na kazi inahesabiwa kuwa imekwisha.

Mimi naona hapo ndipo tunapopotea. Kifaa cha kufuatilia gari kinamlipa mwenye biashara pale kinapobadilisha maamuzi ya ofisi: gari lipi liende wapi, lipakie saa ngapi, lirudi na mzigo gani, na dereva alipwe kwa utaratibu upi. Kikigeuzwa mtego wa dereva peke yake, kinazaa ugomvi na kuacha hasara kubwa pale pale ilipokuwa. Na kwa sababu wengi wanakinunua kwa lengo hilo la pili, wanachagua kifaa kisichowafaa, wanasaini mkataba mbaya wa huduma, na baada ya mwaka mmoja wanasema teknolojia hii ni ya kampuni kubwa tu.

Tuanze na namna kinavyofanya kazi, maana makosa mengi ya ununuzi yanaanzia hapa. Kipokezi cha GPS hakitumi kitu chochote angani. Kinasikiliza mawimbi ya satelaiti zinazozunguka zaidi ya kilomita 20,000 juu ya dunia, kinapima muda mawimbi hayo yalivyosafiri, na kutokana na hapo kinajua kilipo kwa tofauti ya mita chache. Habari hiyo haiendi popote hadi sehemu ya pili ya kifaa, ambayo kwa kweli ni simu ndogo yenye laini yake, iipeleke kwenye seva ya mtoa huduma kupitia minara ile ile tunayoitumia kupiga simu. Kwa hiyo mtu anayesema "GPS yangu imekata" mara nyingi anazungumzia mtandao wa simu, salio la laini, waya wa umeme uliolegea au antena iliyofichwa chini ya bati. Gari linaweza kuwa linajua vizuri lilipo huku mwenye gari hajui. Kifaa kizuri kikikosa mtandao kinahifadhi kumbukumbu na kuzituma minara ikirudi. Kifaa duni kinaziacha zipotee. Kwenye barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, yenye mapori, milima na mpaka mwishoni, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utajua lori lilisimama wapi usiku wa jana.

Historia ya udhibiti wa mwendo katika ukanda wetu inatufundisha jambo ambalo wanunuzi wa leo wangepaswa kulitazama kwa makini. Kanuni za matatu za Kenya zilizoanza kutumika Februari 2004, wakati John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, zililazimisha kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama na utaratibu wa abiria kukaa vitini. Kwa muda barabara zilitulia. Baadaye vidhibiti vikaanza kuchezewa: waya unakatwa, kifaa kinabaki kimefungwa pale pale kwa ajili ya ukaguzi, na gari linakimbia. Tanzania nako LATRA imeshachukua hatua dhidi ya wenye mabasi waliochezea VTS. Ukiwauliza watu sababu, utaambiwa madereva wetu ni wakorofi. Lakini dereva hana faida ya kukata waya kama hakuna anayemsukuma kuwahi. Nyuma ya waya uliokatwa mara nyingi kuna ratiba isiyotekelezeka, hesabu ya siku isiyofikika kwa mwendo halali, au mmiliki anayelipa kwa idadi ya safari. Mwenye kutunga ratiba hiyo hayumo kwenye ramani ya mtu yeyote.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoufahamu umetoka Nairobi. Watafiti Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer walifunga vifaa vya kufuatilia kwenye matatu 255, kisha wakawapa baadhi ya wamiliki programu ya simu ya kuona gari lilipo, lilivyoendeshwa na lilivyotumika kwa siku, huku wengine wakiachwa bila taarifa hizo. Kabla ya hapo, mmiliki aliyekaa nyumbani alikuwa na njia moja tu ya kujilinda: kumpangia dereva hesabu kubwa, alete kiasi fulani kila jioni, kinachobaki ni chake. Hesabu hiyo ilimfanya dereva apite njia mbovu zinazovunja gari ili awahi abiria, na asipoifikia aanze kudanganya kuhusu siku ilivyokuwa. Wamiliki waliopata taarifa walipunguza hesabu na kuwataka madereva waache uendeshaji unaoharibu gari. Madereva wakafanya kazi saa nyingi zaidi, matengenezo yakapungua, faida ya mwenye gari ikapanda, na uaminifu kati ya pande hizo mbili ukaongezeka. Kilicholeta faida hapo ni mkataba uliobadilika. Kifaa kilimpa mmiliki ujasiri wa kuubadilisha.

Sehemu ya pili ya matokeo hayo haisemwi sana, nayo ndiyo inayogusa mjadala wetu wa mabasi ya usiku. Usalama wa abiria haukuboreka kwa sababu tu mwenye gari anaona mwendo kwenye simu. Mmiliki alikuwa na sababu ya kujali chesisi na springi zake, na akazijali. Mwendo kasi haukumgusa mfukoni, akauacha. Uendeshaji ulitulia pale watafiti walipowapa madereva wenyewe fedha kidogo kwa kwenda taratibu. Taarifa humfanya mtu atende pale tu jambo linapomgharimu au kumlipa. Anayedhani VTS itapunguza ajali bila kugusa ratiba za mabasi na malipo ya madereva anaisubiri mashine ifanye kazi ya binadamu.

Marekani nao walipita njia hii mapema. Mchumi Thomas Hubbard alichambua takwimu za malori ya nchi hiyo za 1992 na 1997, wakati kompyuta za ndani ya lori zilipokuwa zinaenea. Kulikuwa na vifaa vya aina mbili: vile vilivyorekodi tu jinsi dereva alivyoendesha, na vile vilivyomwonyesha mpangaji wa ofisini lori liko wapi saa hiyo na kumwezesha kuzungumza na dereva. Hivi vya pili ndivyo vilivyoongeza matumizi ya malori, kwa asilimia 13 katika malori yaliyofungwa. Lori lililokuwa lirudi tupu lilipata mzigo njiani kwa sababu kuna mtu ofisini alijua linapita wapi na lini. Kisha Desemba 2017 sheria ikawalazimisha madereva wengi wa malori huko kutumia vifaa vya kielektroniki vya kurekodi saa za kazi. Uchunguzi wa Alex Scott, Andrew Balthrop na Jason Miller ulionyesha kwamba ukiukaji wa saa ulipungua kweli, ila ajali hazikupungua, na katika kampuni ndogo makosa ya mwendo kasi yaliongezeka. Saa zilibanwa, umbali na muda wa kufikisha mzigo vikabaki vile vile, na dereva akafidia kwa kukanyaga mafuta.

Sasa tuirudishe hoja kwenye barabara zetu. Chukua kampuni yenye malori 20 yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi kupitia mipaka ya Tunduma, Nakonde na Kasumbalesa. Mmiliki ananunua vifaa kwa sababu anashuku dizeli inanyonywa. Wiki ya kwanza anamkamata dereva aliyesimama Mafinga bila sababu, na lita kadhaa hazionekani. Dereva anafukuzwa, mmiliki anaridhika, kifaa kimejilipa. Lakini taarifa zile zile zingeweza kumwonyesha kitu kingine kama angezitazama upande wa pili. Lori kubwa likiwa limesimama huku injini inaunguruma linachoma takriban lita 3 za dizeli kwa saa. Malori 20 yakisimama hivyo saa nne kwa siku, kwenye foleni ya kupakia, mizani, au getini kwa mteja ambaye ghala lake halijafunguliwa, hizo ni lita 240 kila siku. Na dizeli ni sehemu ndogo tu ya hasara hiyo, maana lori lililosimama bado linadaiwa marejesho ya mkopo, bima, leseni na mshahara. Hakuna dereva aliyeiba lita hizo 240. Zimeteketea kwa sababu ofisi ilipeleka malori sita yapakie saa moja asubuhi mahali penye uwezo wa kupakia mawili kwa wakati, au kwa sababu nyaraka za forodha zilichelewa kutumwa na lori likatangulia karatasi zake mpakani.

Hata wizi wenyewe wa mafuta una mzizi ofisini mara nyingi kuliko wamiliki wanavyokubali. Posho ya safari hupangwa kwa siku ambazo safari ingechukua mambo yote yakienda sawa. Foleni ya Kasumbalesa ikizidi siku hizo, dereva na utingo wake wanakula nini? Wapo wanaouza dizeli kwa tamaa, na hao waadhibiwe. Wapo pia wanaoiuza kwa sababu mwajiri amewaacha njiani bila fedha na hapokei simu. Kumbukumbu za kifaa zinamwezesha mwenye kampuni kutofautisha makundi hayo mawili: lori lilisimama siku ngapi, wapi, na posho iliyotolewa ilitosha siku ngapi. Posho ikilipwa kwa siku halisi za kusimama, kama kifaa kinavyozionyesha, sababu moja kubwa ya kunyonya tenki inaondoka, na anayebaki ananyonya hana tena kisingizio.

Wanaokipenda kifaa kama mlinzi wana hoja zao, na baadhi ni nzito. Gari lililoibwa likiwa na kifaa kilichofichwa vizuri lina nafasi kubwa ya kupatikana kuliko lisilo nacho. Kampuni nyingi za migodi na za mafuta haziruhusu lori lipakie mzigo wao bila mfumo wa kufuatilia mwendo, hivyo msafirishaji asiye nao anajifungia mlango wa kazi yenyewe. Kwa mizigo ya kwenda nchi jirani, mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zilizindua mwaka 2017 mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa lakiri za kielektroniki, na yeyote aliyewahi kusindikizwa na maofisa wa forodha kwa msafara wa polepole anajua nafuu iliyopatikana. Haya yote nayakubali. Hata hivyo, tazama jambo moja: mwizi wa kitaalamu anajua kutumia kifaa cha kuvuruga mawimbi, na betri ya akiba ya kifaa chako haimzuii. Anayegundua ni mtu aliyekaa ofisini anayejua kwamba lori hili halina sababu ya kunyamaza kwa dakika 20 kati ya Chalinze na Morogoro, na mwenye namba ya simu ya kumpigia usiku huo. Kwa hiyo hata kwenye ulinzi tunarudi kwa binadamu aliyepewa jukumu na utaratibu.

Upande wa wasiokitaka, hoja ya madereva kwamba wanafuatiliwa hata wakiwa mapumzikoni ni ya haki, nami nitaifikia. Hoja ya gharama ina ukweli nusu. Ada ya mwezi ya gari moja ni ndogo ukilinganisha na tairi moja la lori, ingawa mwenye gari moja la kubeba mchanga anaweza kweli kuwa hana sababu ya kuilipa. Hoja dhaifu kuliko zote, na inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, inatoka kwa wanaokiunga mkono: "Dereva asiye mwizi hana cha kuogopa." Dereva mwaminifu ana mengi ya kuogopa kama taarifa zinasomwa na mtu asiyezielewa. Kihisi cha mafuta kisichopimwa vizuri kinaonyesha tenki limeshuka lita 15 kwa sababu tu lori limeegeshwa kwenye mteremko. Mafuta yakiwa yanacheza ndani ya tenki barabara mbovu, grafu inapanda na kushuka kama kwamba mtu anachota na kurudisha. Kifaa kinachotuma taarifa kila dakika tano, kwa lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa, kinaacha pengo la karibu kilomita 7 kati ya nukta na nukta, na programu inayachora mapengo hayo kwa mstari mnyoofu unaoonekana kama lori limepita porini. Nimewahi kumwona mmiliki akimgombeza dereva wake kwa simu kuhusu njia ya mkato ambayo haipo. Mtu mwadilifu anayeshtakiwa kwa kosa la grafu anaondoka, na anayebaki ni yule aliyejifunza kuidanganya.

Kama lengo limeeleweka hivi, uchaguzi wa kifaa unabadilika. Swali la kwanza linakuwa ni uamuzi gani wa kila wiki utafanywa kwa taarifa hizi, na nani ataufanya. Mwenye magari ya kusambaza mikate mjini anahitaji kujua gari limekaa dakika ngapi kwenye kila duka, hivyo anataka taarifa za mara kwa mara na programu inayoweza kuwekewa alama za maduka yake. Mwenye malori ya mpakani anahitaji kumbukumbu isiyopotea penye mtandao hafifu, na laini inayofanya kazi Zambia na Kongo bila kukatika, na lazima aulize mapema nani analipa gharama za laini hiyo nje ya nchi. Mwenye mabasi anahitaji kujua nani yuko kwenye usukani, kwa kuwa safari ndefu zinatakiwa kuwa na madereva wawili, na kitufe cha utambuzi, ambacho kila dereva anajitambulisha nacho anaposhika usukani, hakina maana kama vitufe vya madereva wote wawili vinaning'inia kwenye ufunguo mmoja. Kununua kifaa kimoja kwa shughuli hizi tatu kwa sababu muuzaji amepunguza bei ni kuchagua hasara mapema.

Umri wa teknolojia nao uangaliwe. Vifaa vingi vya bei nafuu sokoni vinatumia mtandao wa simu wa kizazi cha pili (2G) tu. Kwetu mtandao huo bado unafanya kazi na unafika mbali, hivyo leo vinatosha. Lakini Marekani kampuni ya AT&T ilizima mtandao wake wa kizazi cha pili mwanzoni mwa 2017 na wa kizazi cha tatu Februari 2022, na wenye magari waliokuwa na vifaa vya zamani walilazimika kuving'oa vyote na kununua vingine. Tarehe 6 Aprili 2019 ilikuja na somo lingine: hesabu ya wiki ya GPS, ambayo inaanza upya kila baada ya wiki 1,024, ilirudi sifuri, na vipokezi vya zamani ambavyo programu yake haikuwa imesasishwa vikaanza kuonyesha tarehe za karibu miaka 20 nyuma. Anayenunua vifaa 100 kwa matarajio ya kuvitumia miaka saba amuulize muuzaji kama vinaweza kusasishwa vikiwa ndani ya gari, na jibu liwe kwa maandishi.

Kihisi cha mafuta kinastahili maneno machache zaidi kwa kuwa ndicho kinachouzwa kwa ahadi nyingi. Geji ya gari yenyewe imetengenezwa kumwambia dereva akaribie kituo. Haikutengenezwa kuhesabu lita. Kifaa kinachosoma geji hiyo kitakupa makisio. Kihisi cha fimbo kinachozamishwa tenkini kinapima vizuri zaidi, kwa sharti moja: tenki limwagwe lote kisha lijazwe kidogo kidogo, tuseme lita 20 kwa 20, na kila kiwango kiandikwe, maana matenki hayana umbo sawa chini na juu. Kazi hiyo inachukua muda kwa kila lori, na lori lenye matenki mawili linahitaji vihisi viwili. Fundi anayemaliza malori kumi kwa siku moja hajaifanya. Bora kutokuwa na kihisi kuliko kuwa na kihisi kinachokudanganya kwa namba zenye desimali, kwa sababu namba hizo utazitumia kumfukuza mtu kazi.

Kuna pia kile kitufe cha kuzima injini kutoka kwenye simu, ambacho wauzaji hupenda kukionyesha kwanza. Injini ikizimika lori likiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito ghafla, breki ya injini inapotea, na kompresa ya upepo wa breki inasimama, dereva akabaki na upepo uliomo kwenye matenki tu. Fikiria hilo kwenye mteremko wa Kitonga na tani 30 nyuma. Mfumo uwekwe uzuie gari kuwashwa tena likishasimama, usiweze kuzima injini inayotembea, na mamlaka ya kubonyeza yasiwe ya mtu mmoja aliyekasirika. Hili sioni nafasi ya mjadala.

Mkataba wa huduma ndio unaosahaulika kuliko vyote. Mwenye kampuni anadhani amenunua kifaa, kumbe thamani yote iko kwenye kumbukumbu zilizo kwenye seva ya mtu mwingine. Kumbukumbu za miaka miwili zinaonyesha kila njia inachukua muda gani, mteja gani anachelewesha magari, lori gani linakula mafuta kuliko wenzake. Mtoa huduma akifunga biashara, au ukitaka kuhama kwa sababu hapokei simu, kumbukumbu hizo zinakwenda wapi? Mkataba useme wazi kwamba ni mali ya kampuni, kwamba zitatolewa zote katika muundo unaosomeka kwenye programu za kawaida, zitatunzwa muda gani, na kwamba vifaa havitafungiwa kwa seva moja. Nadhani msafirishaji anayepata ahadi hizi kwa maandishi kwa bei ya juu kidogo amefanya biashara nzuri kuliko aliyepata kifaa cha bure kwa mkataba wa miaka mitatu.

Baada ya kufunga, kazi ya kila siku ni ndogo ila lazima iwe na mwenyewe. Mifumo hii inakuja ikiwa imewashwa tahadhari zote: mwendo, breki kali, kusimama, kuwasha, kuzima, kutoka eneo. Malori 20 yanaweza kutuma mamia ya jumbe kwa siku, na ndani ya wiki mbili hakuna anayezisoma. Ningependa kuona kampuni zikianza na tahadhari mbili au tatu ambazo mtu ameshaamua atazifanyia nini, na kikao cha kila Jumatatu kinachotazama jambo moja: magari yalisimama wapi kwa muda mrefu na kwa uamuzi wa nani. Dereva awepo kwenye kikao hicho, kwa sababu yeye ndiye anayejua kwamba geti la mteja fulani halifunguliwi kabla ya saa tatu, na kwamba ukipakia jioni unafika mizani ya Vigwaza foleni imekwisha.

Hili linatupeleka kwenye sheria, ambako naona mabadiliko makubwa zaidi yanakuja na wasafirishaji wengi hawajajiandaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake tangu 2019. Mahali dereva alipo, saa anazolala, mwendo wake na nyumba anayosimama kula ni taarifa zake binafsi pale zinapoweza kuunganishwa na jina lake. Mwajiri ana sababu halali ya kuzikusanya wakati wa kazi, ila anatakiwa amweleze dereva nini kinakusanywa na kwa lengo gani, asikusanye zaidi ya hapo, na azilinde. Gari ambalo dereva anaenda nalo nyumbani Jumamosi linahitaji utaratibu wa kuacha kufuatiliwa saa zisizo za kazi, au walau kuzuia msimamizi asitazame. Kampuni inayowaonyesha wageni wa ofisi ramani yenye majina ya madereva kwenye televisheni ya mapokezi inajitafutia kesi.

Sheria hizo pia zinampa mtu haki ya kuona taarifa zilizokusanywa kumhusu, na hapa LATRA na NTSA wanaweza kufanya kitu ambacho mmiliki mmoja mmoja hatakifanya kwa hiari. Leo dereva wa basi akisimamishwa kwa mwendo kasi, taarifa za kumtia hatiani ziko kwa mamlaka na kwa mwajiri. Yeye hana nakala. Kama basi lilitoka kituoni likiwa limechelewa saa moja kwa sababu mwajiri alisubiri abiria, na ratiba ya kufika haikusogezwa, mfumo ule ule umerekodi kuchelewa huko. Mamlaka ikitaka, inaweza kuagiza kwamba kila shauri la mwendo kasi liambatane na muda halisi wa kuondoka na ratiba iliyoidhinishwa, dereva apewe nakala ya safari yake yote, na mmiliki ajibu kwa ratiba kama dereva anavyojibu kwa mguu wake.